Mtoto Akiuliza Mbele ya Kaunta

Mimi ni muuguzi, na haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi hapa Temeke. Wazazi wengi walikuwa makazini siku ile na wameomba kuyapata, kwa hiyo nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia malezi. Nikilichukua jambo hilo zima tutalala hapa, kwa hiyo nimechagua kipande kimoja ambacho kwenye mikutano ya wazazi huwa hatukigusi, kwa sababu ya haya. Nataka tuzungumze kuhusu vitu vya watu wazima ambavyo watoto wetu wanakutana navyo dukani bila mtu yeyote kukusudia. Kondomu kwenye kaunta. Mabango ya dawa za nguvu za kiume kwenye milango ya maduka ya dawa. Magazeti ya udaku yaliyobanwa kwa vibanio pale kwa Mangi. Midoli ya Kariakoo. Flashi inayotoka kwenye kibanda cha muvi ikiwa na vitu ambavyo hukuagiza.

Naomba niulize kwanza. Ni nani hapa ambaye mtoto wake hajawahi kumuuliza swali dukani, mbele za watu, mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze? Nyoosheni mikono. Naona miwili. Basi jambo hili ni letu sote.

Nianze na kaunta. Mnazijua kaunta za supamaketi zetu. Umepanga foleni na kapu lako, na ubavuni pako kuna jojo, chokoleti, betri, nyembe, na katikati ya hivyo kuna pakiti ndogo zenye rangi za kupendeza kuliko vyote. Nyingine zina picha ya stroberi, nyingine ya ndizi. Zimewekwa kwenye usawa wa macho ya nani? Ya mtoto wa miaka mitano.

Mama mmoja anayekuja kliniki kwetu alinihadithia. Alikuwa na binti yake wa umri huo huo. Mtoto akachukua pakiti yenye stroberi, akainyanyua juu, akasema kwa furaha, "Mama, mimi nataka pipi hii!" Kijana aliyekuwa nyuma yao akacheka. Mtu wa kaunta naye akacheka. Mama akamchapa mtoto mkononi, akampokonya pakiti, akasema, "Mjinga wewe, nani kakufundisha tabia hizo?"

Wazazi wenzangu, nani alimfundisha? Hakuna aliyemfundisha. Aliona stroberi. Kosa la mtoto yule ni lipi? Kujua kwamba stroberi ni tamu?

Tazameni sasa alichojifunza. Kondomu ni nini hakujifunza. Alijifunza kwamba ile pakiti ina siri nzito, kwa sababu mama yake, ambaye humwona ametulia hata umeme ukikatika anapika, leo ametetemeka. Akajifunza kwamba akiuliza jambo la namna ile anapigwa na watu wanamcheka. Siku nyingine walipita kaunta ile ile, na mtoto akawa anaitazama ile pakiti kwa pembe ya jicho, kimya. Mama aliponisimulia hilo alikuwa na furaha. Aliniambia, "Sista, siku hizi ameshika adabu." Mimi nilihuzunika. Mtoto yule hakuacha kutaka kujua. Ameacha kumuuliza mama.

Kuna jaribio lililofanyika Marekani, likachapishwa mwaka 1985. Watafiti waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo. Chini ya kioo, kuanzia katikati, palitengenezwa paonekane kama sakafu imekatika na kuna bonde dogo. Ng'ambo ya pili amesimama mama. Mtoto anatambaa, anafika ukingoni, anasita, kisha anainua macho kumtazama mama yake. Mama haruhusiwi kusema neno, ameambiwa aonyeshe uso tu. Watoto walioonyeshwa uso wa furaha walikuwa 19, na 14 kati yao walivuka. Walioonyeshwa uso wa hofu walikuwa 17. Walivuka wangapi? Hakuna. Hata mmoja.

Mtoto wa mwaka mmoja, jamani! Hajui hata kuomba maji vizuri, lakini anausoma uso wa mama yake na kuamua. Sasa huyu wa miaka mitano, na huyu wa miaka minane, anausoma mara ngapi zaidi?

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mzazi pale dukani ni ya uso, kabla ya mdomo. Vuta pumzi. Usicheke. Usikunje uso. Usigeuke kuwatazama watu wa nyuma, maana watu wa foleni hawatakuja kukulelea mtoto. Halafu sema, kwa sauti ile ile unayotumia kusema nyanya zimepanda bei: "Hiyo si pipi, mwanangu. Ni kitu cha afya cha watu wazima. Irudishe pale."

Imekwisha. Umemjibu, hukumdanganya, na umemwekea mpaka. Wengine watauliza, "Cha kufanyia nini?" Mwambie, "Kinawasaidia watu wazima wasiambukizane magonjwa." Huo ni ukweli mtupu, na mtoto wa miaka mitano akishaupata anageukia biskuti. Ukiona bado anauliza, mwambie mtaongea mkifika nyumbani. Na mkifika nyumbani, ongeeni! Mtoto aliyeahidiwa na asitimiziwe, mara ya pili hatakungoja.

Nasisitiza kutodanganya kwa sababu nimeona madhara yake. Baba mmoja alimwambia mwanawe kwamba zile ni puto. Aliona amemaliza tatizo, na kweli mtoto aliridhika. Siku chache baadaye mtoto akaokota moja iliyotupwa uchochoroni, akaitia mdomoni kuipuliza, akawagawia na wenzake. Walituletea watoto wale kliniki, na wazazi wao walikuwa wanatetemeka. Kwa nini mtoto aliokota? Kwa sababu baba yake, mtu anayemwamini kuliko wote, alimwambia ni puto.

Sasa nije kwa watoto wanaojua kusoma. Hapa pana jambo lenyewe hasa, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Mtoto wa darasa la pili akishajua kuunganisha silabi, anasoma kila kitu. Anasoma ubavu wa daladala, anasoma mfuko wa sembe, anasoma ukuta. Ni furaha ya kutazama. Na kuta zetu zimeandikwa nini? Baba mmoja amepita duka la dawa na kijana wake wa miaka minane. Mtoto akasimama mlangoni akasoma kwa sauti, neno kwa neno, "Dawa ya ku-o-nge-za ngu-vu za ki-u-me." Akageuka: "Baba, nguvu za kiume ni zile za kubebea mizigo?"

Watu wakacheka, lakini baba yule hakucheka. Alimwambia, "Umesoma vizuri sana. Hiyo ni dawa ya wanaume wazima, si ya watoto, na tutaizungumza nyumbani." Jioni, wakiwa wamekaa nje wawili, akamwambia kwamba miili ya watu wazima ina mambo yake ambayo ya watoto haina, kwamba mtu mzima akiumwa huenda hospitali, na kwamba dawa za kubandikwa ukutani si za kuamini, awe mkubwa au mdogo. Mtoto akauliza maswali mawili matatu, kisha akaomba simu acheze gemu. Baba aliponieleza nilimwambia, wewe umefanya kazi ambayo wanaume wengi wa mtaa huu hawajaifanya.

Najua kuna anayesema moyoni, "Sista, unataka tuwafundishe watoto mapenzi." Hapana, mzee wangu. Sikusema hivyo na sitasema. Kumwambia mtoto kwamba kitu hiki ni cha watu wazima ni kumwekea uzio. Ukinyamaza, uzio haupo. Na kuhusu umri, mimi ni muuguzi, naomba niseme kama muuguzi: kwa msichana, balehe inaweza kuanza popote kati ya miaka 8 na 13, na kwa mvulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa hiyo binti wa darasa la nne unayemwona bado ni mtoto wa kucheza rede, mwili wake huenda umeshaanza safari. Utamwambia lini? Atakapokuwa ameshaambiwa na wenzake?

Wazee wa Kizaramo mlio hapa, ninyi ndio wenyeji wa ardhi hii, mnalijua hili kuliko mimi. Binti alikuwa na siku yake. Alikuwa na kungwi wake. Alipelekwa chini ya mti wa mkole, akafundwa na watu wanaojulikana, akarudi nyumbani akijua anachopaswa kujua. Mvulana naye alikuwa na jando lake. Siwaambii tumtoe binti shuleni tumfungie ndani miezi. Mtoto akae shule. Ninachosema ni kwamba tuliliacha lile tukaacha kiti cha kungwi kitupu, na kiti kitupu hakikai. Siku hizi duka ndilo kungwi. Ukuta wa duka la dawa unafunda, gazeti la udaku linafunda, simu inafunda, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua mtoto wako ana miaka mingapi. Nanyi mnaukumbuka ule msemo wa wakubwa, mficha uchi hazai. Sisi wakunga tunauona ukweli wake chumba cha kujifungulia kila siku. Mimi nauleta kwenye malezi pia.

Niwape mfano wa binti. Mama mmoja alikwenda Kariakoo na mwanawe wa miaka tisa kununua nguo za sikukuu. Mnaijua ile midoli inayopangwa nje ya maduka, imevishwa sketi za kubana, ina nyonga na makalio ambayo hakuna mwanamke aliyezaliwa nayo. Mtoto akasimama akautazama mmoja juu mpaka chini, akauliza, "Mama, mimi nikikua nitakuwa hivi?" Mama ana mizigo, jua kali, watu wanamsukuma. Akamvuta mkono: "Twende, acha umbea."

Haukupita muda mrefu, mwalimu wa darasa akagundua mtoto anakuja shule amejifunga kanga mbili chini ya sketi ya sare. Anataka nyonga. Ana miaka tisa!

Mtoto yule alikuwa ameuliza swali gani hasa? Watu wazima tulisikia habari ya makalio. Yeye aliuliza kama mwili wake utafaa. Ni swali zuri, na jibu lake ni jepesi hata ukiwa na mizigo mikononi: "Yule ni wa plastiki, mwanangu, ametengenezwa hivyo ili nguo ionekane. Watu hawako vile. Wewe mwili wako utakua kwa mpango wake, na utakuwa mzuri." Usipompa jibu hilo, milango miwili mbele kuna duka linalouza vikopo vya kupaka na vidonge vya kumeza vinavyoahidi kumpa umbo la mdoli yule, na binti aliyekosa jibu akiwa na miaka tisa ndiye anayenunua kikopo akiwa na kumi na sita. Mkikuta dawa za namna hiyo zinauzwa holela mtaani kwenu, dawa zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango. Pelekeni taarifa. Tiba asili nazo zina baraza lake, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mtu hana ruhusa ya kuuza chochote tu kwa sababu ameandika neno "asili".

Kabla sijaondoka kwenye kujibu, jambo moja dogo. Mfundisheni mtoto majina ya viungo vyake vyote, kama mnavyomfundisha pua na sikio. Uume, uke, matiti, makalio. Nyumbani, kwa sauti ya kawaida, wakati wa kuoga. Mtoto mwenye majina anaweza kueleza anapoumia na anaweza kueleza aliyemgusa. Nimempokea mtoto aliyekuwa amesema nyumbani siku nyingi kwamba mtu anachezea kidude chake, na watu wazima wakadhani anasema habari ya mdoli wake. Siku nyingi.

Sasa tunafika kwenye flashi, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Baba mmoja alimtuma mwanawe wa miaka kumi na mmoja kwenye kibanda akaingiziwe katuni. Kijana wa kibandani alikuwa na wateja wengi, akakopi folda zima bila kutazama. Mtoto akarudi nyumbani, akachomeka flashi kwenye televisheni, mdogo wake wa miaka sita amekaa pembeni. Katuni ya kwanza, katuni ya pili, na faili la tatu likawa picha chafu za watu wazima. Mtoto alizima. Akachomoa flashi akaificha chini ya godoro. Hakumwambia mtu.

Wiki zikapita. Akawa hataki kulala taa ikizimwa. Mwalimu akasema amezubaa darasani. Wakampeleka kupima malaria, akawa hana. Jambo lilitoka kwa yule mdogo, alipomwambia bibi yake kitu ambacho mtoto wa miaka sita hana pa kukijulia. Ndipo baba akamkalisha mkubwa, akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Mtoto akasema, "Nilijua utanipiga. Dada ulimpiga kwa ajili ya lile gazeti."

Dada yake, miaka miwili nyuma, alikutwa amesimama pale kwa Mangi anatazama gazeti la udaku lililoning'inia. Alipigwa palepale. Yeye alikosea nini? Alisimama mahali ambapo gazeti lipo. Na mdogo wake wa kiume aliyekuwa akitazama alijifunza somo, akalishika miaka miwili, akalitumia siku ambayo alimhitaji baba yake kuliko siku zote.

Wazazi wenzangu, hili ndilo lililonileta hapa. Kile kitu chenyewe, pakiti, bango, mdoli, mtoto anakisahau au anakielewa. Hofu yako haisahau. Kofi la kaunta unalipiga leo kwa sababu ya kondomu ya stroberi, na litamziba mdomo siku atakapoonyeshwa kitu kibaya na mtu mbaya. Mnaelewa ninachosema? Litamziba mdomo siku hiyo!

Yule baba, nashukuru, hakupiga. Alimwambia maneno ambayo naomba myaandike. Alisema, "Hukufanya kosa. Ulizima, ulifanya vizuri. Sikukasirikii." Halafu akamweleza kwamba zile ni picha za kutengenezwa ili watu walipwe, kwamba watu wanaopendana hawatendeani vile, na kwamba picha ikimrudia kichwani usiku aje amwamshe. Mtoto alimwamsha mara kadhaa. Baba aliamka kila mara.

Na alimuuliza swali moja la lazima. Mtoto akikwambia ameona kitu, muulize taratibu, mara moja: "Uliona mwenyewe, au kuna mtu alikuonyesha?" Kwa sababu bahati mbaya ni jambo moja, na mtu mzima anayemwita mtoto nyuma ya kaunta, anamwonyesha picha kwenye simu, anampa pipi na kumwambia iwe siri yao, ni jambo jingine kabisa. Huyo anamwandaa mtoto. Huyo usimfuate na fimbo wala usisuluhishane naye kwa mjumbe. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kama unaogopa au hujui uanzie wapi, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Usimhoji mtoto mara kumi, maana unamuumiza na kuichanganya habari yake.

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, inakataza biashara ya machapisho machafu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vifungu vya 13 na 14, inakataza ponografia ya watoto na usambazaji wa ponografia kwa mifumo ya kompyuta. Na naomba hapa nisikike vizuri: ukikuta uchafu kwenye flashi ya mtoto, usiurushe kwenye grupu la wazazi eti kutahadharisha. Ukiurusha, msambazaji ni wewe. Andika onyo kwa maneno, flashi iweke.

Nimalizie na wenye maduka, maana wako humu, wengine ni wazazi wa shule hii.

Nilianza uuguzi miaka ya 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na wakati mimi naanza kazi wodi zilikuwa zimejaa vijana. Watu waliona aibu kumwomba muuza dawa kondomu, wakaondoka bila, wakafa. Ndiyo sababu pakiti zile zililetwa mpaka kaunta na mpaka kwa Mangi, ili mtu achukue bila kuomba. Zimewaokoa baba na mama wa watoto wengi. Kwa hiyo sitasimama hapa kusema kondomu zifichwe kabatini, na mzazi yeyote atakayekwenda kumwambia mwenye duka azifiche, simuungi mkono. Ninachoomba ni zipande juu. Basi. Mtu mzima ana mkono mrefu.

Kuna akina mama watatu wa Mbagala waliofanya hivyo vizuri. Walikwenda pamoja, saa ya mchana duka likiwa tupu, wakanunua mahitaji yao kwanza. Kisha mmoja akasema, "Mangi, watoto wetu wanakuja kwako peke yao, na tunakuamini. Tunaomba hizi zikae rafu ya juu, karibu na sigara, na haya magazeti uyakunje picha zikae ndani." Mangi naye ana watoto. Alizihamisha wakiwa wamesimama palepale. Gazeti lilichukua muda kidogo, kwa kuwa alisema picha ndiyo inayouza, lakini sasa linaning'inia limekunjwa. Wa kibanda cha muvi mwambieni tofauti: mwambieni kifungu cha sheria, na mwambieni atenganishe kompyuta ya katuni. Wenye supamaketi kubwa wana meneja, ombeni kumwona, andikeni barua mkiwa wengi.

Lakini jiulizeni, ni nani hasa anayekwenda dukani na watoto? Sisi tuko kazini. Anayekwenda ni dada wa kazi, au bibi. Na dada wa kazi wa nyumba nyingi ana miaka mingapi? Kumi na sita, kumi na saba. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Yaani swali la mtoto wako linajibiwa na mtoto wa mwenzio, ambaye naye hakuna aliyemkalisha akamwambia lolote. Mkalishe. Mfundishe sentensi zile zile: si pipi, ni kitu cha afya cha watu wazima, irudishe. Mwambie akiulizwa zaidi aseme "tutamuuliza mama," na akuletee lile swali jioni. Na mruhusu aulize ya kwake.

Bibi naye anajua kuliko sisi sote, tatizo lake ni kwamba hatumuulizi. Wengi wao walifundwa vizuri. Mpeni nafasi.

Mwenyekiti, nimefika mwisho, na muda uliobaki ni wa maswali. Naomba nitoe sharti moja, unisamehe. Kila mahali ninapozungumza jambo hili akina mama ndio wanaouliza, na akina baba wanaondoka kwenda kuwahi kazi. Majumbani nako ni vilevile, mtoto akimuuliza baba anajibiwa, "Kamuulize mama yako." Kwa hiyo leo maswali matatu ya kwanza ni ya akina baba. Mzee mwenye kofia pale dirishani, nimekuona ukinyoosha mkono ukaushusha. Tafadhali, simama, sema.